Kusoma Walimbwende wa Marekani: pa kuanzia, panapokwamisha, na nakala za kuangalia mara mbili

Anayeanza kusoma fasihi ya Marekani ya karne ya 19 kwa kawaida hukabidhiwa orodha ya sifa za ulimbwende, yaani Romanticism: kupenda maumbile, kuweka hisia mbele ya akili, kumtukuza mtu binafsi, kuvutwa na mambo ya kale na ya kutisha. Orodha inakaririwa, kisha kila kitabu kinafunguliwa ili sifa hizo zitafutwe humo na zipelekwe kwenye mtihani. Nimepita njia hiyo nikiwa mwanafunzi, nikawaona wengi wakiipita nikiwa mwalimu, na naandika haya ili wanaokuja nyuma wasimalize muhula wamechoka bila kuonja chochote.

Orodha yenyewe haina uongo. Ubaya wake ni kwamba inawakalisha mkeka mmoja watu waliokuwa wanagombana. Poe aliwadhihaki hadharani Emerson, mwanainsha wa matumaini, na wenzake wa Concord, mji mdogo wa Massachusetts. Hawthorne aliishi miezi kadhaa mwaka 1841 kwenye shamba la kijamaa la Brook Farm, akaondoka, na mwaka 1852 akatoa riwaya ya The Blithedale Romance inayotilia shaka ndoto yote ile. Melville aliyaona matumaini ya Emerson, akaandika katika Moby-Dick nahodha anayejitegemea mpaka akaangamiza meli nzima. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: fuata miaka, na kwa kila kitabu uliza kilikuwa kinamjibu nani. Sifa za ulimbwende zitajitokeza zenyewe ukiwa unasoma.

Jambo moja la kulijua kabla ya kufungua kitabu chochote ni pesa. Sheria ya hakimiliki ya Marekani haikuwalinda waandishi wa nje hadi mwaka 1891. Mchapishaji wa New York aliweza kuchapa riwaya ya Dickens au ya Walter Scott bila kumlipa mwandishi hata senti. Kwa nini basi amlipe kijana wa Massachusetts asiyejulikana? Ndiyo maana Wamarekani wengi waliishi kwa kuandikia majarida, na ndiyo sababu mojawapo ya hadithi fupi kustawi kwao mapema. Wengine walishika kazi. Hawthorne na Melville waliajiriwa forodhani, Thoreau alipima ardhi na kusaidia kiwanda cha penseli cha baba yake, Whitman alikuwa mpiga chapa, mwandishi wa magazeti na karani wa serikali. Ukilishika hilo, urefu na umbo la vitabu vyao vinaanza kueleweka.

Anza na Washington Irving, na anza na "Rip Van Winkle", iliyotoka mwaka 1819 katika sehemu ya kwanza ya The Sketch Book. Inasomeka kwa kikao kimoja. Wengi huisimulia kama hadithi ya mvivu aliyelala miaka 20 mlimani, wakaishia hapo. Rudi uangalie bango la hoteli ya kijijini. Rip alipolala lilikuwa na picha ya Mfalme George. Alipoamka uso ni uleule, lakini koti jekundu limepakwa rangi ya buluu, fimbo ya kifalme imekuwa upanga, na chini pameandikwa Jenerali Washington. Katika mistari michache Irving anauliza mapinduzi yamebadilisha nini hasa. Biashara ya familia yake ilikuwa imefilisika huko Liverpool mwaka 1818, na kalamu ndiyo iliyobaki kumlisha.

James Fenimore Cooper anachosha, na si vibaya kulisema. Sentensi zake ni ndefu, maelezo ya misitu hayaishi, mazungumzo ni mazito. Tatizo la pili ni mpangilio: hadithi tano za mwindaji wake Natty Bumppo hazikutoka kwa mfuatano wa maisha yake. The Pioneers ilitoka 1823 ikimwonyesha mzee. The Deerslayer ilitoka 1841 ikimwonyesha kijana. Usianze na The Last of the Mohicans (1826) kwa sababu tu umelisikia jina lake. Soma kwanza sura ya 22 ya The Pioneers, ambamo wanakijiji wanaua njiwa wa kuhama kwa maelfu, hadi wanawafyatulia mzinga, na Natty anakasirika. Njiwa wa mwisho wa aina hiyo alikufa katika bustani ya wanyama ya Cincinnati mwaka 1914. Sura hiyo moja itakufundisha zaidi kuhusu maumbile katika ulimbwende wa Marekani kuliko ukurasa mzima wa sifa.

Ukiingia kwenye The Last of the Mohicans, ingia na tarehe mkononi. Miaka minne baada ya kutoka kwake, mwaka 1830, Bunge lilipitisha sheria ya kuwahamisha Wahindi Wekundu kutoka ardhi zao mashariki ya mto Mississippi. Riwaya inayoomboleza kabila lililokwisha ilisomwa na watu waliokuwa wanalihalalisha zoezi la kulimaliza. Wamohikani wenyewe hawajaisha; wazao wao wako Wisconsin hadi leo. Pembeni ya Cooper weka insha fupi ya William Apess, mhubiri wa kabila la Wapequot, ya mwaka 1833, inayowashikia Wakristo weupe kioo na kuwataka wajitazame. Ni kurasa chache, na hasira yake iko wazi.

Sasa Emerson. Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, na sababu inaeleweka. Emerson alikuwa na shajara ambamo aliandika mawazo kwa miaka, kisha akayachukua kutoka humo kutengeneza mihadhara, na mihadhara ikawa insha. Matokeo yake kila sentensi inasimama peke yake, na kamba inayoziunganisha haionekani kirahisi. Anayesoma Nature (1836) kwanza, akitegemea hoja itakayotembea hatua kwa hatua, atapotea kufikia sehemu ya tatu. Anza badala yake na "The American Scholar", hotuba aliyoitoa Harvard tarehe 31 Agosti 1837. Isome kwa sauti. Iliandikwa isikilizwe, na sikio litashika kinachokimbiwa na jicho. Kisha chukua hotuba aliyowapa wahitimu wa theolojia mwaka 1838, iliyowaudhi wenyeji wake hata chuo kikakaa karibu miaka 30 bila kumwalika tena. Baada ya hizo mbili, "Self-Reliance" ya mwaka 1841 itafunguka.

Kosa linaloharibu insha nyingi za wanafunzi ni kuchomoa nukuu za Emerson zikabaki misemo ya kutia moyo. Alipowaambia watu wajitegemee, alikuwa ameacha uchungaji wa kanisa kubwa la Boston mwaka 1832 kwa sababu hakuweza tena kuendesha Meza ya Bwana kwa dhamiri safi. Pia alikuwa na urithi wa mke wake wa kwanza, Ellen, aliyefariki mwaka 1831 akiwa na miaka 19, na urithi huo ulimpa kipato cha kila mwaka. Ujasiri na akiba vilikwenda pamoja. Andika vyote viwili.

Usimwache Emerson bila kusoma "Experience" ya mwaka 1844. Mwanawe Waldo alifariki Januari 1842 akiwa na miaka mitano, na katika insha hii baba anakiri kwamba huzuni haimfundishi kitu, kwamba msiba unampita bila kumgusa pale alipotarajia. Anaulinganisha na kupoteza mali. Msomaji aliyewahi kuzika mtoto au ndugu anaweza kushindwa kuendelea. Aiweke chini, airudie siku nyingine. Kwangu mimi hii ndiyo insha yake kubwa kuliko zote, kwa sababu ndani yake mwalimu wa matumaini anakutana na jambo ambalo mafundisho yake hayalifikii, na anakataa kudanganya.

Margaret Fuller mara nyingi hupewa mstari mmoja kwenye mihtasari, na ni dhuluma. Yeye ndiye aliyekuwa mhariri wa kwanza wa The Dial, jarida la kundi la Concord lililodumu kuanzia 1840 hadi 1844. Insha yake ndefu iliyotoka humo mwaka 1843 aliipanua ikawa Woman in the Nineteenth Century, 1845. Hoja yake ni ya Emerson iliyogeuzwa: ikiwa kila nafsi inapaswa kukua kwa sheria yake yenyewe, kwa nini nafsi ya mwanamke iwekewe dari? Alifariki Julai 1850 meli ilipovunjika karibu na Fire Island, New York, yeye, mume na mtoto, na mswada wake juu ya mapinduzi ya Roma ukapotea baharini. Kitabu chake kinazungukazunguka na kujaa marejeo ya Kigiriki na Kirumi. Usiyafuatilie yote. Tafuta pale anapotamka wanayoyaweza wanawake, upige mstari.

Thoreau anahitaji penseli na hesabu. Alihamia kando ya bwawa la Walden tarehe 4 Julai 1845, kwenye ardhi ya Emerson, akaondoka Septemba 1847. Kitabu kilitoka 1854, na ndani yake miaka miwili imebanwa ikawa mwaka mmoja. Ukiandika kwamba alikaa mwaka mmoja, umeingia mtego. Mtego mwingine ni kudhani alikuwa mtawa wa msituni. Alikuwa kama maili moja tu kutoka kwa jirani, na alikwenda mjini mara kwa mara.

Wengi huacha Walden katika sura ya kwanza, "Economy", kwa kuwa ni ndefu mno, karibu robo ya kitabu. Njia inayosaidia: soma kwanza sura ya 2, kisha "The Bean-Field", kisha "The Village", ambamo anataja kwa ufupi alivyokamatwa kwa kutolipa kodi. Halafu rudi "Economy" ukafanye hesabu naye. Nyumba ya futi 10 kwa 15 ilimgharimu dola 28 na senti 12 na nusu. Maharage na mazao mengine ya shamba lake la ekari mbili na nusu yalimwingizia dola 23.44, akatumia dola 14.72 na nusu, ikabaki faida ya dola 8.71 na nusu. Zile nusu senti amezitia makusudi. Ni mtu anayetumia daftari la mfanyabiashara kumwuliza mfanyabiashara anaishi kwa ajili ya nini. Usiruke pia sura ya 14, ambamo anawakumbuka watu Weusi waliowahi kuishi kwenye misitu ile, kina Cato Ingraham, Zilpha na Brister Freeman. Mihtasari mingi huiacha, na bila hiyo msitu wa Walden unaonekana mtupu kuliko ulivyokuwa.

Insha yake ya kukataa kodi ina majina mawili. Ilipotoka mwaka 1849 iliitwa "Resistance to Civil Government". Jina la "Civil Disobedience" lilikuja mwaka 1866, miaka minne baada ya kifo chake. Ukiijadili kama insha ya 1849, taja jina la 1849. Ndiyo iliyosomwa baadaye na Gandhi na Martin Luther King, na wanafunzi huiona ya kisasa hata wakasahau ilitoka kwenye vita dhidi ya Mexico na utumwa.

Hapa msomaji wa Kiswahili ana mlango wake. Katika sura ya mwisho ya Walden, Thoreau anasema haifai kuizunguka dunia kwenda kuhesabu paka wa Zanzibar. Watu hupita mstari huo haraka, lakini Zanzibar haikuwa jina la kubuni la mbali kwa mtu wa Massachusetts. Mwaka 1833 Marekani iliwekeana mkataba wa biashara na Sayyid Said, na mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem, bandari ya Massachusetts, akafika Unguja kuwa konsuli wa kwanza wa Marekani. Meli za Salem zilileta kitambaa kilichofumwa viwandani Massachusetts, ile merikani iliyovaliwa pwani na kubebwa na misafara hadi bara, zikarudi na pembe za ndovu na sandarusi ya kutengenezea vanishi. Pamba ya viwanda hivyo ilivunwa na watumwa wa Kusini mwa Marekani. Thoreau anapoandika mwaka 1849 kwamba wanaozuia mageuzi si wanasiasa laki moja wa Kusini bali wafanyabiashara na wakulima laki moja wa Massachusetts, ni uchumi huo anaousema. Ukiwa na merikani akilini, insha hiyo inaacha kuwa ya watu wengine.

Na Salem hiyohiyo ndiyo ya Nathaniel Hawthorne. Alizaliwa hapo mwaka 1804, na kuanzia 1846 hadi 1849 alikuwa ofisa wa forodha kwenye bandari yake, hadi chama kingine kilipoingia madarakani akaachishwa kazi. Katika utangulizi wa The Scarlet Letter (1850) anaeleza gati lililochakaa, asubuhi chache ambapo meli tatu au nne zinaingia kwa pamoja, kwa kawaida kutoka Afrika au Amerika Kusini, na jina lake likipigwa kwa rangi nyeusi kwenye magunia ya pilipili.

Utangulizi huo unavunja wasomaji wengi. Ni mrefu, unaenda polepole, na haufanani na hadithi inayofuata. Ushauri wangu si kuuruka. Usome mwisho. Anza na "Young Goodman Brown" ya mwaka 1835, inayokwisha kwa kikao kimoja na kukuonyesha namna Hawthorne anavyokataa kukuambia kama ulichokiona kilikuwa ndoto au kweli. Kisha soma riwaya, sura 24, ukiweka alama pale watu wanaposimama kwenye jukwaa la adhabu: sura za 2 na 3, sura ya 12, sura ya 23. Mwanzo, kati na mwisho. Riwaya nzima inaning'inia kwenye mbao zile. Halafu rudi kwenye utangulizi. Utakuta Hawthorne anasema aliikuta herufi A ya kitambaa chekundu kwenye chumba cha juu cha forodha. Hiyo ni sehemu ya ubunifu wake, ila kila muhula kuna anayeiandika kama tukio la kweli na kupoteza alama. Lililo kweli ni aibu anayoisema juu ya wazee wake: babu yake wa kale John Hathorne alikuwa hakimu katika kesi za uchawi za Salem mwaka 1692.

Kwa Edgar Allan Poe, mwenye kuyajua mashairi ya Kiswahili anaingia na faida ambayo hapewi popote pengine katika kozi hii. Chukua mshororo wa kwanza wa "The Raven", wa Januari 1845, uuhesabu mizani: "Once upon a midnight dreary, while I pondered, weak and weary". Ni 16, nane kwa nane, na kina cha kati kinagongana na cha mwisho. Mishororo mingine inapungua mizani moja, mingine haina kina cha kati, ila msingi ni huo. Kila ubeti una mishororo sita, wa mwisho mfupi, na kuanzia ubeti wa 8 unafungwa kwa neno lilelile, "Nevermore", kazi ya kibwagizo. Beti ni 18, mishororo 108. Mtu aliyezoea kughani atasikia mara moja jinsi neno moja lisilobadilika linavyobadilika maana kila swali jipya linapoulizwa. Waghanie wenzako kabla hujaandika uchambuzi.

Katika nathari, soma "The Tell-Tale Heart" (1843), kisha "The Fall of the House of Usher" (1839), kisha "The Murders in the Rue Morgue" (1841), inayohesabiwa kuwa mwanzo wa hadithi za upelelezi. Jihadhari na wasifu. Baada ya Poe kufariki Baltimore tarehe 7 Oktoba 1849, Rufus Griswold, aliyekuwa na chuki naye, alitoa tanzia chafu kwa jina la bandia, kisha akahariri kazi zake na kughushi baadhi ya barua. Picha ya Poe mlevi asiyejali kitu ilitoka humo kwa sehemu kubwa, na bado inazunguka. Poe wa kweli alikuwa mhariri mchapakazi aliyemzika mke wake Virginia, mgonjwa wa kifua kikuu, Januari 1847, bila pesa za kutosha.

Herman Melville ndiye niliyemwekea nafasi kubwa, maana ndiye anayeachwa njiani na wengi, na ndiye anayelipa zaidi. Alipanda meli ya kuvua nyangumi Januari 1841, akaitoroka visiwa vya Marquesas mwaka uliofuata. Agosti 1850 alikutana na Hawthorne, akavutwa naye mno, na Moby-Dick ilipotoka mwaka 1851 aliitabaruku kwake. Hapo unaona maana ya kufuata miaka: The Scarlet Letter ni 1850, Moby-Dick ni 1851, na katikati yake, mwaka 1850 huohuo, ilipitishwa sheria iliyowalazimisha watu wa Kaskazini kuwarudisha watumwa waliotoroka. Jaji mkuu wa Massachusetts aliyekataa kumwachilia mtumwa mtoro Thomas Sims mwaka 1851, akarudishwa utumwani, Lemuel Shaw, alikuwa baba mkwe wa Melville.

Namna ya kuimaliza Moby-Dick. Ina sura 135 na hitimisho fupi. Sura nyingi ni fupi sana, kwa hiyo sura tano kwa siku zitakufikisha mwisho kwa siku 27. Sura 22 za mwanzo ziko nchi kavu na ni rahisi, tena zinachekesha. Meli inaondoka mwisho wake. Nahodha Ahab haonekani hadi sura ya 28. Kisha inakuja sura ya 32, inayopanga aina za nyangumi kama vitabu kwenye rafu, na hapo ndipo kundi kubwa linaposhuka. Usishuke. Isome haraka bila kukariri chochote, uende sura ya 36, ambapo Ahab anaigongomea sarafu ya dhahabu mlingotini na kuwaapisha mabaharia. Sura ya 42, juu ya weupe wa nyangumi, ndiyo moyo wa kitabu. Isome mara mbili. Ya 93, juu ya Pip, kijana Mweusi aliyeachwa peke yake baharini, inaumiza, na waandishi wa mihtasari huipita. Ya 132 hadi 135 zisome kwa mkupuo mmoja. Sura za kuchuna mafuta, kamba na chusa hazikuwekwa kujaza kurasa. Ni kazi yenyewe, na bila kuijua kazi huwezi kuona hatari yake.

Angalia nakala yako kama ina ile "Epilogue". Toleo la London, lililotangulia mwezi Oktoba 1851 kwa jina The Whale, lilitoka bila hitimisho hilo, na wahakiki wa Uingereza wakalalamika: kama wote walikufa, msimulizi kasimuliaje? Kitabu kiliuza nakala zipatazo 3,000 tu Marekani wakati wa uhai wa mwandishi. Kuanzia 1866 hadi 1885 alikuwa mkaguzi wa forodha New York.

Asiye na nafasi ya Moby-Dick asome "Bartleby" (1853) na "Benito Cereno" (1855). Kwa hii ya pili, usiguse muhtasari kabla. Nguvu yake yote iko katika kukuweka ndani ya kichwa cha nahodha Mmarekani anayeangalia meli ya watumwa na asione kilicho mbele yake. Ukishajua, rudia kurasa 20 za kwanza. Kila tendo litakuwa limegeuka. Na kabla ya hapo, soma simulizi ya mwaka 1845 ya Frederick Douglass, aliyetoroka utumwani. Kozi nyingi humweka kwenye somo jingine, urithi wa kitabu cha F. O. Matthiessen cha mwaka 1941 kilichowateua wakubwa watano wa kipindi hiki, wote wanaume weupe. Lakini hakuna aliyeandika juu ya nafsi na uhuru akiwa na haki kuliko yeye.

Kwa Walt Whitman na Emily Dickinson, kazi yote ni ya matoleo. Ukiacha matoleo ya kisasa ya Dickinson nitakayoyataja, maandishi ya waandishi hawa wote hayana hakimiliki tena, kwa hiyo unaweza kuyapakua bure Project Gutenberg au kuyaona Internet Archive. Chagua maandishi matupu: Moby-Dick nzima ni kama megabaiti 1.2, ilhali kitabu kilichopigwa picha kinaweza kula makumi ya megabaiti za bando. Ubaya wa bure ni kwamba hujui umepata toleo lipi.

Leaves of Grass ya 1855 ilikuwa na mashairi 12 bila vichwa, nakala 795, na jina la mshairi halikuwekwa kwenye ukurasa wa mbele. Whitman aliendelea kuiongeza na kuibadilisha hadi toleo la 1891–92, lenye mashairi mamia. "Song of Myself" lilipata sehemu zake 52 mwaka 1867 na kichwa chake mwaka 1881. Mwanafunzi anayenukuu "sehemu ya 6, 1855" ametaja kitu ambacho hakikuwapo. Kwa anayeanza, 1855 ni bora: ni fupi, kali, na ndiyo aliyoisoma Emerson alipomwandikia barua ya pongezi Julai mwaka huo. Waliofuatilia mzozo wa Kichomi cha Kezilahabi mwaka 1974 wataufahamu mshtuko wa wasomaji waliofungua kitabu cha mashairi wasikute vina wala mizani. Tovuti ya Whitman Archive ina matoleo yote bure, yakiwa yamepangwa kwa mwaka.

Dickinson (1830–1886) aliandika karibu mashairi 1,800 huko Amherst, na ni takriban kumi tu yaliyochapwa akiwa hai, bila jina lake. Mengi alikuwa ameyashona mwenyewe kwa uzi katika vijitabu 40. Mizani yake mara nyingi ni 8, 6, 8, 6, ya nyimbo za kanisa. "Because I could not stop for Death" linaimbika kwa tuni ya "Amazing Grace", na kuliimba kunakuonyesha papo hapo mahali alipouvunja wimbo makusudi. Shida ni hii: matoleo ya bure unayoyakuta kwanza ni yale ya miaka ya 1890, ambamo Mabel Loomis Todd na T. W. Higginson walinyoosha vina, wakatoa vistari vyake, wakaongeza vichwa, hata wakabadilisha maneno. Ukiona shairi lake lina kichwa cha kupendeza kama "The Chariot", umeshika nakala hiyo. Toleo la Johnson la 1955 na la Franklin la 1998 ndiyo ya kutegemea, na bado yana hakimiliki, kwa hiyo tafuta maktaba ya chuo au tazama picha za miswada kwenye Emily Dickinson Archive. Namba za matoleo hayo mawili hazilingani. Shairi la gari la Mauti ni 712 kwa Johnson na 479 kwa Franklin; la nzi anayevuma kitandani pa mfu ni 465 na 591. Weka J au Fr mbele ya namba kila unapotaja, na usichanganye matoleo mawili ndani ya insha moja.